Babu aliponiuliza: "Injini iko wapi?"

Haya jamani, nimerudi kibarazani. Najua nimekaa kimya muda mrefu, na wengine mmeniuliza kama nimeacha uandishi nikaenda kufungua duka la vitenge. Hapana, bado nipo. Leo nina jambo ambalo nimelibeba tangu Januari 2025 na nimeona heri nilitoe. Ni kosa langu la kikazi. Halikuniletea kesi, halikunifukuzisha kazi, na nadhani wasomaji wengi wa gazeti hawakuligundua hata kidogo. Aliyeligundua ni mzee mmoja tu, tena ndugu yangu wa damu.

Mnakumbuka habari yenyewe? Tarehe 28 Januari 2025, ndege ndogo nyeupe iitwayo XB-1 iliruka kutoka Mojave, jangwani huko California, ikiwa na rubani mmoja tu, Tristan Brandenburg, na ikapita kasi ya sauti. Ndege hiyo ni ya kampuni ya Boom ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2014 na bwana mmoja anayeitwa Blake Scholl. Kupita kasi ya sauti peke yake si jambo jipya, Chuck Yeager alishafanya hivyo mwaka 1947. Jipya ni kwamba XB-1 ilikuwa kielelezo cha ndege kubwa ya abiria ambayo Boom inataka kuijenga. Ndege hiyo inaitwa Overture, itabeba watu 60 hadi 80, na itaruka kwa Mach 1.7, yaani kasi ya sauti mara moja na sehemu saba za kumi.

Siku hiyo nilipewa saa mbili na nusu ukurasa. Nikachukua taarifa ya kampuni, nikachanganya na za mashirika ya habari, nikatafsiri na kupamba. Kichwa cha habari nilikitunga mwenyewe: "Concorde yafufuka". Kampuni ilisema inalenga kubeba abiria mwaka 2029. Mimi nikaandika "abiria wataanza kusafiri 2029". Halafu nikaona habari ina pengo, hakuna mahali nimeitaja injini, nikachomeka sentensi moja: "Ndege hiyo inatumia injini za kisasa kabisa."

Hiyo sentensi ndiyo iliyonipeleka mahakamani kwa Babu.

Babu ni mdogo wake babu yangu mzaa baba, lakini kwetu hatutofautishi, wote ni babu. Ujanani alikuwa fundi wa injini katika shirika la ndege la Afrika Mashariki, East African Airways, karakana ya Embakasi, Nairobi. Shirika lile lilikuwa na ndege za Super VC10 tangu mwaka 1966, kila moja na injini nne za Rolls-Royce Conway zimepangwa mkiani. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 alirudi Dar es Salaam na sanduku moja la nguo na moja la spana. Mpaka leo mezani kwake kuna bapa moja la chuma, refu kama kiganja, limeliwa ncha. Ni bapa la kompresa ya Conway lililotupwa kwa kuchakaa. Analitumia kuzuia magazeti yasipeperuke akiwasha pangaboi.

Jumapili ile nilipoingia nikakuta gazeti letu liko chini ya lile bapa, limekunjwa ukurasa wangu ukiwa juu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mchumba. Nimekusoma. Sasa hebu niambie, injini iko wapi?"

"Injini gani tena, Babu?"

"Ya hiyo Overture yako. Umeandika injini za kisasa. Za nani? Zinaitwaje? Nani ameziwasha, lini?"

Nikafungua simu nitafute. Nilichokipata nikiwa nimesimama pale mlangoni kilinitoa jasho. XB-1 iliruka kwa injini tatu za General Electric J85. Ukoo wa J85 ulianza miaka ya 1950, ni injini za ndege za kijeshi. Kisasa kabisa! Na injini ya Overture yenyewe, inayoitwa Symphony, siku XB-1 inapita kasi ya sauti ilikuwa haijawahi kuruka hata mara moja, kwenye ndege yoyote.

Nilimsomea Babu yote hayo. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Kaa chini. Chukua karatasi."

Kwa hiyo wasomaji wangu, haya yanayofuata ni somo nililopewa Jumapili ile, pamoja na niliyoyasoma baadaye mwenyewe usiku mwingi baada ya kazi. Naona ndiyo habari ambayo ningepaswa kuiandika tangu mwanzo.

Tuanze na mtumbwi. Ukitaka mtumbwi uende mbele unasukuma maji nyuma. Injini ya ndege nayo inafanya vivyo hivyo, ila inasukuma hewa. Sasa kuna njia mbili za kupata msukumo uleule. Unaweza kuchukua hewa nyingi ukaisukuma taratibu, kama mtu mwenye kasia pana. Au unachukua hewa kidogo ukaitupa kwa kasi kali, kama mpira wa maji ukiuziba mdomo kwa kidole. Njia ya kwanza inakula mafuta kidogo na ina kelele kidogo. Njia ya pili inakula sana na inapiga kelele sana.

Ndege tunazopanda siku hizi zimechagua kasia pana. Dreamliner ya Air Tanzania, aina ya 787, ina injini mbili za Rolls-Royce Trent 1000. Lile feni kubwa unaloliona mbele ya injini lina upana wa karibu mita 2.85. Hewa nyingi linayoivuta haiingii kabisa motoni. Inapita pembeni ya kiini cha injini, na ni karibu mara kumi ya ile inayokwenda kuchomwa na mafuta. Babu ananiambia Conway zake ndizo zilikuwa injini za kwanza duniani za aina hiyo ya hewa ya pembeni kuingia kazini, ila hewa yake ya pembeni ilikuwa kidogo sana. Anajivunia hilo kama aliivumbua yeye.

Basi mtu atauliza, kwa nini tusichukue hiyo Trent tukaifunga kwenye ndege ya kasi? Hapo ndipo penye kazi. Ili ndege isonge mbele, hewa inayotupwa nyuma lazima iwe na kasi kuliko ndege yenyewe. Ukienda mara mbili ya kasi ya sauti, kasia pana la polepole halikusaidii kitu. Tena lile feni la karibu mita tatu likikutana na hewa kwa kasi hiyo linakuwa kama umefungua mlango wa gari barabarani. Kwa hiyo ndege ya kasi inataka injini nyembamba, inayotupa hewa kwa ukali.

Lakini injini hiyohiyo lazima iondoke uwanjani, na uwanja uko mjini, na mjini kuna watu wamelala. Mwaka 1952 Mwingereza James Lighthill alionyesha kwa hesabu kwamba kelele za mkondo wa hewa unaotoka kwenye injini zinapanda kwa kutisha kadiri kasi inavyopanda. Ukiongeza kasi ya mkondo mara mbili, nguvu ya kelele inazidi kama mara 256. Mara 256, jamani! Kwa hiyo injini inayofaa kule juu ndiyo isiyofaa kule chini, na inayofaa chini haifai juu. Unatafuta injini moja yenye tabia mbili.

Na kuna la tatu ambalo mimi sikuwahi kuliwaza. Injini ya ndege ya kawaida inateseka dakika chache tu wakati wa kuruka, kisha rubani anarudisha nyuma gesi na inapumzika njia nzima. Ya ndege ya kasi haipumziki. Ukiruka kwa Mach 2, hewa ya nje ambayo ni baridi ya nyuzi 56 chini ya sifuri inagandamizwa mdomoni mwa injini mpaka inafika karibu nyuzi 117. Hapo hata kompresa haijaigusa. Kompresa inaigandamiza zaidi, inazidi joto, ndipo unaongeza mafuta na kuwasha moto. Yale mabapa ya nyuma yanayozungushwa na moto yanakaa kwenye joto la juu kabisa kwa saa kadhaa, kila safari, kila siku. Babu aliinua lile bapa lake akanipa nilishike. "Hili lilikuwa la mbele, mahali pa baridi," akasema, "na bado limekwisha hivi."

Sasa tuje kwa Concorde, maana nilijifanya naijua.

Concorde iliruka mara ya kwanza Toulouse tarehe 2 Machi 1969, rubani André Turcat. Ikaanza kubeba abiria tarehe 21 Januari 1976, British Airways kutoka London kwenda Bahrain na Air France kutoka Paris kwenda Rio de Janeiro kupitia Dakar. Hayo yako kila mahali. Ambayo hayaandikwi sana ni kwamba injini yake, Olympus 593, haikuzaliwa kwa ajili ya abiria. Olympus ilikuwa injini ya Vulcan, ndege ya Uingereza ya kubeba mabomu. Ikaendelezwa kwa ajili ya ndege nyingine ya kivita, TSR-2, ambayo serikali iliifuta mwaka 1965. Kutoka hapo ndipo Rolls-Royce na SNECMA ya Ufaransa wakapata injini ya Concorde. Mwaka 1966, zaidi ya miaka miwili kabla Concorde haijaruka, Olympus 593 ilikuwa tayari inarushwa angani ikiwa imefungwa chini ya tumbo la Vulcan.

Mmeona mpangilio? Injini ilitangulia. Iliungua, ikarekebishwa, ikaruka na ndege ya watu wengine kwanza. Na aliyelipa ni mlipa kodi wa Uingereza na Ufaransa, tangu bomu mpaka abiria.

Hata hivyo haikuwa rahisi. Kompresa haiwezi kumeza hewa inayoingia kwa Mach 2, itakabwa. Kwa hiyo mafundi waliweka mbele ya kila injini mdomo mrefu wenye vibao vinavyopanda na kushuka, vikiongozwa na kompyuta. Vibao hivyo vilipunguza kasi ya hewa mpaka karibu nusu ya kasi ya sauti, ndani ya mita chache tu. Cha ajabu ni kwamba kwenye mwendo wa Mach 2, zaidi ya nusu ya msukumo wote ulitokana na hewa kugandamizwa katika mdomo huo. Injini bila mdomo wake isingefika popote.

Wakati wa kuruka, na tena wakati wa kuvuka kasi ya sauti, marubani walimwaga mafuta nyuma ya injini yakawaka mara ya pili kupata msukumo wa ziada. Wakifika Mach 1.7 wanauzima moto huo na Concorde inaendelea yenyewe mpaka Mach 2. Ilikuwa inaondoka na mafuta karibu tani 95 kwa abiria mia moja. Kelele zake za kuruka ziliwafanya watu wa New York wapigane nayo mahakamani, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipoifungulia njia Oktoba 1977. Mshindo wa kupita kasi ya sauti hauhusiki hapo, maana huo ilikuwa inauacha baharini. Walichokataa New York ni kelele za injini.

Ziliingia kazini 14 tu. Baada ya ajali ya Julai 2000 karibu na Paris iliyoua watu 113, zilirudi angani kwa muda mfupi, kisha mwaka 2003 zikastaafu zote.

Warusi nao walikuwa na yao, Tu-144, iliyowatangulia Concorde kwa miezi miwili, tarehe 31 Desemba 1968. Yao ilishindwa palepale kwenye injini. Injini zake za kwanza, NK-144, zilihitaji ule moto wa nyuma uwake muda wote ili ndege ibaki juu ya kasi ya sauti. Fikiria mafuta yanayokwenda! Ilibeba abiria kati ya Moscow na Alma-Ata kuanzia Novemba 1977 mpaka Juni 1978, basi. Injini nyingine isiyohitaji moto huo, RD-36-51, ilikuja baadaye, lakini ndege ilikuwa imeshachelewa. Wamarekani walikuwa na Boeing 2707 na injini yake kubwa GE4, lakini bunge lao likakata fedha mwaka 1971. NASA wakajaribu tena na makampuni miaka ya 1990, ndege ya watu 300 kwa Mach 2.4, na mradi ukafungwa mwaka 1999.

Nikimaliza kuandika orodha hii kwenye karatasi, Babu akauliza, "Umeona mahali popote kampuni ilijenga injini ya namna hii kwa hela ya nauli?" Sikuona.

Sasa turudi kwa Boom. Hawa mwaka 2020 walikuwa wanaongea na Rolls-Royce, watu wa Olympus wenyewe. Mashirika ya ndege yalikuwa yameanza kujiandikisha. Japan Airlines iliweka dola milioni 10 mwaka 2017, United ikakubali kununua ndege 15 mwaka 2021, American ikaweka amana ya ndege 20 mwaka 2022. Mwezi Septemba 2022 Rolls-Royce wakajitoa, wakasema soko la abiria wa kasi kuliko sauti si kipaumbele chao kwa wakati huo. Kampuni nyingine kubwa za injini nazo hazikuinua mkono.

Kwa nini? Fanya hesabu ya muuza mandazi. Kutengeneza injini mpya ya ndege kunagharimu mabilioni ya dola na miaka mingi. Injini ya ndege za kawaida unaiuza kwa maelfu, kisha unaishi kwa kuuza vipuri na matengenezo. Injini ya ndege ya kasi utaiuza ngapi? Tena inaungua haraka zaidi. Kampuni ya Aerion walikuwa wamepata bahati ya kuahidiwa injini na General Electric, inaitwa Affinity, ilitangazwa mwaka 2018. Mei 2021 Aerion wakafunga kwa kukosa fedha. Kwa hiyo kulikuwa na injini iliyochorwa ikakosa ndege, halafu kukawa na ndege iliyochorwa ikakosa injini.

Desemba 2022 Boom wakatangaza kwamba watajitengenezea. Ndiyo Symphony. Wakashirikiana na kampuni ya Florida Turbine Technologies kwa usanifu, kitengo cha General Electric cha kuchapa vipuri vya chuma, na StandardAero kwa matengenezo. Na ukiangalia uamuzi wao wa kiufundi, si wa kijinga hata kidogo. Hewa ya pembeni wameweka ya kadiri, si nyingi kama Trent na si sifuri kama Olympus. Moto wa nyuma hakuna. Na kasi wameishusha mpaka Mach 1.7. Hapo nilitaka kuwacheka, mbona wamerudi nyuma kuliko Concorde? Nikapiga ile hesabu ya joto. Kwa Mach 1.7 hewa inafika mdomoni mwa injini ikiwa na nyuzi kama 69 badala ya 117. Karibu nyuzi 50 umezisamehewa kabla hujaanza kazi. Ni watu wanaojua wanapambana na nini.

Hata sheria imeanza kuwageukia. Marekani ilipiga marufuku ndege za kiraia kupita kasi ya sauti juu ya nchi kavu tangu 1973, na tarehe 6 Juni 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kuiagiza mamlaka ya anga iondoe marufuku hiyo. NASA nao walirusha X-59 yao, ndege iliyoundwa ili mshindo wake usikike kama kishindo kidogo tu, tarehe 28 Oktoba 2025. (Injini yake? F414, ya ndege za kivita. Siku hizi hilo ndilo nalitafuta kwanza.)

Halafu Desemba 2025 ikaja habari ambayo mwaka mmoja kabla ingenipita. Boom wakatangaza kwamba kutokana na teknolojia ya Symphony watatengeneza mtambo wa kuzalisha umeme wa megawati 42, unaitwa Superpower, kwa ajili ya majengo ya kompyuta za akili bandia. Mteja wa kwanza ni kampuni ya Crusoe, imeagiza 29. Walisema faida ya umeme itasaidia kulipia ndege, na saa za mtambo kuzunguka zitawafundisha kuhusu injini.

Nilimpigia simu Babu kabla sijaandika hata neno moja. Nilidhani atasema wameshindwa, wamegeuka wauza umeme. Alicheka sana, kisha akasema, "Hao sasa nimeanza kuwaamini kidogo." Kwake lile ni jambo la kawaida. Mtambo wa gesi wa umeme na injini ya ndege ni ndugu wa damu. Hapa kwetu Ubungo mitambo ya gesi ilianza kuzungushwa na gesi ya Songo Songo mwaka 2004, na yeye alikuwa akipita pale kwenye daladala anasikia ule mlio na kuitambua sauti. Alichopenda ni kwamba wamepata mtu wa kulipa wakati injini inajifunza. Zamani alikuwa jeshi. Sasa wanajaribu awe kompyuta. Itafika kwa abiria? Hilo injini itajibu yenyewe siku itakapowashwa mfululizo kwa maelfu ya saa, sio mimi kwa kichwa cha habari.

Mtaniuliza kama gazeti lilisahihisha. Jumatatu ile nilikwenda kwa mhariri na karatasi zangu. Nikasema sentensi yangu ya injini ni ya uongo na neno "wataanza" si sahihi. Akaniangalia kama nimemletea mgonjwa asiye wake. Habari imeshapita, akasema, nani anakumbuka injini ya ndege ya Marekani? Pengine ana haki. Tuna habari za maji, barabara na mahindi za kusahihisha kwanza.

Lakini kuna kitu kinaniuma. Ile sentensi sikuiandika kwa sababu nilidanganywa na mtu. Kampuni haikuniambia injini ni za kisasa. Niliitunga mwenyewe ili kuziba pengo, kwa kuwa nilidhani injini ni kitu ambacho kipo tu, kama matairi. Ningefanya hivyohivyo kwenye habari ya kiwanda cha sukari au ya kivuko kipya, na huko kuna watu wangeweka hela zao au roho zao kwa kuniamini. Sina hakika kwamba sijawahi kufanya. Wiki ile nilirudi kusoma habari zangu za mwaka mzima uliopita nikitafuta sentensi za namna hiyo. Nilizipata nne. Mbili niliweza kuzifuatilia na kuziandika upya, mbili nimechelewa.

Sasa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu la kazi nimeandika swali la Babu, "Injini iko wapi?" Mtu akija na mradi, awe waziri au mwekezaji, nalitafuta lile jambo moja ambalo likikosekana vyote vingine ni rangi tu. Nauliza nani ameliwasha, lini, na nani analipa. Wengine wanajibu vizuri kabisa na habari inakuwa tamu zaidi. Wengine wanaangalia saa.

Babu mwenyewe bado ana matumaini na Symphony kuliko mnavyodhani. Ananiambia akisikia imeruka chini ya tumbo la ndege yoyote, hata ya mizigo, nimletee gazeti siku hiyohiyo, ataliweka chini ya bapa. Nimemwahidi. Nikiandika mimi, safari hii jina la injini litakuwa kwenye aya ya kwanza.

Naomba niishie hapo kwa leo. Kama kuna fundi wa injini anayenisoma na ameona nimeteleza mahali, aniambie tafadhali. Nitasahihisha hapahapa, wala sitasema habari imeshapita.